Wembe Uliopita Hewani

Ilikuwa Jumamosi ya kufua, kama Jumamosi nyingine zote za Kapata, mtaa wa wachimba madini, katika miaka ile ya Zaire. Ndaya alikuwa ameinama juu ya beseni nyuma ya nyumba ya kaka yake, mgongo unamuuma, povu limemfika viwikoni. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, hakuwa amefunga kitambaa kichwani. Majirani walipita bombani mara mbili mbili, ndoo zimejaa tayari, ili wamtazame vizuri. Waache watazame, alijisemea. Nywele zile alikuwa amezililia.

Zilianza kumtoka wakati mumewe, Kalenga, alipokuwa bado hai. Duara moja, kisha jingine, mpaka kichwa kizima kikabaki laini kama kiganja. Kalenga alipofukiwa na udongo akafa katika shimo la mgodi wa Musonoi, dada ya marehemu alikuja matangani na wembe na sabuni. Aliitwa Adolphine. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia mama yule ajiite vingine. Desturi ilikuwa wazi: mjane ananyolewa, nywele zake zinazikwa kaburini kwa mume, ndipo marehemu amwache aende zake. Adolphine alimvua Ndaya kitambaa, akakwama.

"Tutanyoa nini sasa? Kichwa iko mutupu déjà," alisema. "Zikiota, tutarudia."

Akapitisha wembe hewani, juu kidogo ya ngozi, ili watu wa matanga waone. Wote walikuwa wamechoka kulia na chakula kilikuwa kinapoa. Hakuna aliyerudia.

Baada ya miaka, nywele zilirudi kisogoni tu. Wakati huo Mukalay, karani mpole wa mtaa wa Dilala, alikuwa anakuja kila Jumapili na samaki mkavu, na alikuwa anataka ndoa ya kanisani. Ndaya naye alimpenda. Hakutaka kusimama mbele ya padri na utosi mtupu chini ya shela, watu wakicheka chini chini. Akapanda treni mpaka Lubumbashi, kwa daktari mgeni aliyesifiwa kwa kazi hiyo.

Daktari hakumdanganya. Ugonjwa huu, alimweleza, ni mwili kuzipiga vita nywele zake wenyewe. Kwa sasa umelala. Ukiamka, utazing'oa hata hizi mpya. Kisha akatoboa vipande vidogo vya ngozi kisogoni, kila kimoja na nywele zake, akavipanda utosini kwa mistari, kama mtu anayepanda miche ya mchicha. Ndaya alirudi na bandeji, akangoja kwa subira. Zikaota.

Jumamosi ile, nguo zikiwa kambani, alijilaza. King'ora cha mgodi kilikuwa kimeshalia na mtaa umenyamaza kwa joto. Katikati ya usingizi alisikia buti zikigongwa kizingitini, kukung'uta vumbi, vile vile Kalenga alivyozigonga akitoka kazini. Akadhani ni kaka yake.

Kitanda kikabonyea karibu na kichwa chake.

Vidole vikaingia kwenye nywele. Havikuwa na haraka. Vilikuwa vinatafuta. Alinusa udongo mbichi na sabuni.

"Bado," mtu alinong'ona.

Alipozinduka, mstari wa mbele wa nywele ulikuwa umekwenda. Alipapasa mto. Akakung'uta shuka. Akapiga magoti na kuchungulia uvunguni. Hakuona hata unywele mmoja.

"Ugonjwa inaamuka, mama," muuguzi wa zahanati alimwambia.

"Na nyele zenyewe ziko wapi?"

Muuguzi akajifanya anatafuta pamba.

Kila mchana aliolala, mstari mwingine ulikwenda. Akaacha kulala. Akawa anasinzia amekaa jikoni, mwiko mkononi, na akishtuka anakuta mwingine umekwenda. Mukalay alileta shela, ikabaki kwenye karatasi yake. Ndaya alichoka mpaka woga wenyewe ukawa kama kazi nyingine ya nyumbani. Asubuhi moja akaenda kubisha kwa Adolphine.

"Mama, chukua wembe," alinong'ona. "Unimalizie ile kazi. Mi nachoka."

Adolphine aliupapasa utosi ule.

"Shiye bandugu ya Kalenga ndiyo tulikosa," alisema.

Akamnyoa zote, za kisogoni na zilizosalia utosini. Wakazifunga kwenye leso, wakaenda makaburini jua likiwa juu. Njiani Ndaya alihisi kichwa chepesi, na kwa mara ya kwanza akawaza kulala bila hofu. Akawaza na shela.

Adolphine alipiga magoti upande wa msalaba ili achimbe. Jembe halikushuka.

Nywele.

Zilikuwa zimepandwa juu ya kaburi. Kwa mistari. Kila kishungi na kipande chake cha ngozi. Zilikuwa ndefu kuliko zilivyowahi kuwa kichwani kwa Ndaya, na udongo wa kaburi ulikuwa na maji, wakati mvua ilikuwa haijanyesha tangu kiangazi kianze. Adolphine akashika kishungi kimoja, akavuta.

"Wacha, mama!" Ndaya alilia, mikono yote miwili juu ya ngozi iliyonyolewa. "Unaniumiza!"

Damu ikapita kati ya vidole vyake. Adolphine akaachia.

Mukalay alingoja sana, kisha akaoa kwingine. Ndaya bado yuko Kapata. Kiangazi kikikolea utamwona njiani, kitambaa kichwani, akibeba debe la maji kwenda makaburini, kwa maana akikosa kwenda ngozi ya utosi humkauka na kupasuka. Juzi Adolphine alikwenda naye kupalilia. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini kwamba zimeanza kuota mvi.