Kokteli Waliyoiita Stella

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, naishi Mwankoko hapa Singida. Haya ninayowaeleza sikutendewa na mtu... niliyatenda mwenyewe.

Mume wangu, Elia, alikuwa mhudumu wa kaunta katika hoteli moja mjini. Mimi nilikuwa nauza juisi ya nanasi, ndimu na tangawizi, naitia asali anayoniletea mjomba kutoka Itigi. Kila asubuhi Elia aliondoka na chupa moja ya kunywa kazini.

Pale hotelini kulikuwa na kileo cha kijani cha mitishamba. Kichungu! Wateja walikikataa, wakisema kina ladha ya dawa ya kikohozi. Bosi akamwagiza Elia na mwenzake, Stella, watafute namna ya kukiuza. Wakaanza kuchanganya. Leo na tui la nazi, kesho na embe... Elia akawa anarudi ananukia majani, anacheka peke yake.

"Mama Joshua, leo tumeipatia!" aliniambia siku moja. "Stella kaonja, karuka!"

Stella, Stella, Stella! Nani asingeumia?

Kisha jirani akaniambia kuna kokteli mpya mjini, watu wanaigombania, na inaitwa Stella. Moyo ukawaka moto. Mume wangu kabuni kinywaji, kakipa jina la mwanamke mwingine? Sikumuuliza. Nilipekua simu yake, nikanusa mashati, nikaacha hata kumtengea chai.

Jumamosi moja mchana nikapanda bodaboda hadi hotelini. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi. Stella alikuwa ameinama kuweka sinia la glasi kwenye meza fupi... nikalipiga teke! Nilimtukana mbele ya wazee wa kuwapa shikamoo. Elia aliponishika, nikamng'ata mkono.

Stella hakunirudishia tusi hata moja. Aliinama kuokota vioo, analia.

"Dada, wateja ndio wameiita hivyo, kwa sababu mimi ndiye nawapelekea," alisema. "Kilichoifanya inyweke ni juisi yako. Siku moja Elia aliimimina humo, ikakubali. Tumemwomba bosi uwe unatuletea ndoo mbili kila siku. Jumatatu ulikuwa uitwe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

Bosi aliwafukuza wote wawili siku ileile. Nilikwenda Ulemo, kwao Stella, kuomba radhi. Mama yake aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Stella hayupo. Na kwako wewe, hatakuwepo."

Elia hajaniacha. Anabeba mizigo sokoni, anarudi, anakula, analala. Jambo lililomfurahisha hanisimulii tena. Hoteli bado inauza ile kokteli, na juisi wanaletewa na mwanamke mwingine. Nikimwona anaingia na ndoo zake... jamani, hata sasa wivu unanipanda!

Dada zangu, kaka zangu, ukishikwa na wivu, muulize mwenzio. Muulize hata kama sauti inatetemeka. Jibu lake linaweza kukuumiza, lakini si kama ninavyoumia mimi, niliyefika na teke kabla ya swali.