Sehemu ya D

Haya yalimkuta rafiki yangu Bonifasi, fundi kompyuta wa Newala. Alasiri moja ya mvua, mwanamke aitwaye Kibibi alimletea laptop ya mumewe kutoka Kitangari.

"Fomati sehemu ya D ya diski tu, ufute kila kilichomo," alisema. "Picha za harusi yangu ziko C, zisiguswe."

Bonifasi alipofungua D na kusikiliza, alikuta rekodi za marehemu mke wa kwanza wa mume huyo, akimwimbia bintiye Naima.

"Mama, nimhifadhie mtoto nyimbo hizi kwenye flashi?" Bonifasi alimuuliza Kibibi.

"Anazisikiliza kutwa, mimi haniiti mama. Futa nikiwa naona."

Alifuta. D ikabaki tupu, picha zote zikawa salama. Kibibi akacheka kidogo.

Hapo umeme ukakatika. Laptop haikuwa na betri, ikazimika papo hapo. Mlango ulikuwa umefungwa kuzuia mvua, na duka likawa giza tupu. Katikati ya kelele za mvua kwenye mabati, sauti ileile ya marehemu ikaanza kumwimbia Naima, taratibu, karibu kabisa.

Bonifasi akawasha tochi ya simu. Kibibi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na wimbo ulikuwa ukitokea nyuma ya viganja vyake.