Siku Uliyoniambia Nisije

"Mshike kichwa, asigeuke," daktari wa mifugo alimwambia mtunza farasi bila kumtazama usoni.

Mtunza akakaza kamba. Miaka miwili iliyopita walikuwa wachumba.

Daktari akadunga shingoni, chanjo ya pepopunda na ya mafua. Farasi akatikisa masikio, akatulia.

"Wewe mzima lakini?" mtunza aliuliza.

"Mlete anayefuata."

Wakati ule wa uchumba, dume bora la banda hili lilikufa kwa pepopunda. Mwenye farasi akamtangaza daktari kila kona kwamba alizembea kuja kuchanja, na wateja wakamkimbia. Tangu hapo daktari alipika chakula cha mtu mmoja, akaacha redio ikiongea mpaka asinzie.

Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa mtunza, wa siku moja kabla ya chanjo: "Mpenzi, kesho usije. Farasi wote wamesafiri." Uongo mtupu. Angeuonyesha, mchumba wake angefukuzwa siku hiyohiyo. Akasubiri aseme mwenyewe. Hakusema, wala hakurudi kwake.

Mpaka jana, mwenye farasi alipompigia. "Daktari, mtunza wangu ameniambia yote. Nimekukosea sana. Njoo utuchanjie."

Farasi wa mwisho alipokwisha kuchanjwa, daktari akafunga kisanduku chake.

"Siku ile ulikuwa na nini?"

"Mpira. Nilitaka kwenda kuangalia mpira na wenzangu. Nikaona siku moja si kitu."

"Mpira."

"Halafu dume likafa, nikaogopa kupoteza kazi."

"Na mimi je?"

Mtunza akainamisha kichwa. "Nilijua hutanichongea. Nikajificha nyuma yako."

Daktari akabeba kisanduku, akaenda ofisini kujaza kadi za chanjo. Alipotoka na gari, alimkuta mtunza getini, akitembea na begi begani. Akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Nimeachishwa kazi. Nilijua itakuwa hivyo."

Daktari alishika usukani kwa mikono miwili. Miaka miwili amelisubiri neno moja la kweli, na sasa limekuja, kifua bado kizito.

"Panda. Nakufikisha kituoni."

Kituoni mtunza akashuka, akashikilia mlango.

"Naweza kukupigia?"

"Piga kesho jioni."

"Utapokea?"

"Sijui," daktari alisema, na machozi yakamlengalenga. "Lakini simu nitaiweka karibu."