Mama Aliyekataa Lifti Mlima Elgon

"Simamisha gari, Masinde! Huyo mama ananyeshewa."

"Hatubebi watu. Hii Landrova ni ya skimu."

"Na mimi je? Mimi ni gunia la mbegu?"

Akacheka kwa shida, akakanyaga breki.

Ilikuwa mwaka wa 1968. Masinde alikuwa karani wa skimu ya mashamba kule Lumakanda, mimi mwalimu Kakamega. Siku nzima alikuwa amenizungusha ndani ya mbuga ya Mlima Elgon: mapango ambamo ndovu hulamba chumvi, nyati kwenye ukungu, baridi ya kugonganisha meno. Mara tatu aliniomba, "Khalayi, si twende Kisumu tu?" Nikang'ang'ania mlima, mjinga mimi.

Jumamosi ng'ombe wake wa mahari wangefika kwa baba. Nilimkubali kwa sharti moja: asiwe na mke. Mama yangu aliolewa wa pili, nikamwona akila ukoko maisha yake yote. Masinde aliapa kwa kaburi la babake kwamba hana.

Yule mama alikuja mbio, kikapu kichwani. Alipofika dirishani akamwona dereva.

"Uwi!"

Akajifunika uso kwa leso, akaruka mtaro, akatugeuzia mgongo huko kwenye nyasi. Na Masinde? Kofia hadi puani, kichwa kwenye usukani.

Mimi ni Mluhya, sihitaji kuelezwa. Mwanamke wa kwetu humkimbia hivyo mwanamume mmoja tu: mume wa binti yake.

"Masinde, huyo ni nani?"

Akazidi kuinama kwenye usukani.

Nikashuka na mvua yote ile. Mama akanong'ona bila kugeuka:

"Wewe ni dada yake? Mungu asante! Unajua siwezi kuongea na mkwe wangu. Mwambie Priscah amejifungua jana. Kijana! Miezi minne hatujamwona, na mtoto anangoja jina."

Nikarudi dirishani.

"Mama mkwe wako anasema Priscah amejifungua. Kijana. Anangoja jina."

"Khalayi, ingia nikueleze. Ningekuambia baada ya Jumamosi..."

"Baada ya ng'ombe kufungwa kwa baba?" nikamnong'oneza, mama asisikie. " Mshenzi wewe! Hao ng'ombe mpelekee Priscah, mzazi anahitaji maziwa."

"Utafikaje Kakamega?"

"Nina miguu."

Nikavuta mkoba wangu, nikabamiza mlango, nikamshika yule mama mkono. Nilimpenda yule mwanamume, wacha niseme ukweli. Tukateremka na mvua yetu, machozi yananitoka hata sioni njia.

"Mbona unalia, mwanangu?" akaniuliza. "Si leo umekuwa shangazi?"

Ningemwambia nini, na bintiye bado yuko kitandani na kitoto cha jana?

"Ni furaha, mama," nikasema.