Pampu Kubwa, Bwawa Dogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dafrosa aliwalisha pumba samaki wa bwawa dogo lililokuwa bustanini kwao, Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora. Sato mmoja mnene, aliyempa jina la Bonge, alikula kutoka mkononi mwake.

Joto lilipozidi, samaki walianza kuhema juu ya maji.

"Hewa haiwatoshi," alisema mama yake, Bernadeta. "Wanataka pampu ya kurusha maji. Chukua kamba, ingia upime kina, kisha umpelekee Awadhi vipimo dukani. Ukumbuke, hao ndio kitoweo cha Komunyo ya kwanza ya mdogo wako Doto."

"Niingie kwenye tope lile? Thubutu!" Dafrosa alinong'ona. Akaenda moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, mjomba Awadhi. Mama anataka pampu ya bwawa."

"Marahaba. Haya, maji yanakufika wapi?"

"Shingoni," alijibu bila hata kupepesa macho.

Kumbe yalimfika magotini tu! Awadhi akampa pampu kubwa, na mama akaizamisha katikati ya bwawa kama alivyoelekezwa.

Pampu iliponguruma, tope lote la chini lilitibuka, maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Vifaranga vya samaki vilivutwa ndani vikatoka vipandevipande. Kufikia jioni, karibu samaki wote walikuwa wanaelea matumbo juu. Bonge naye alikuwa miongoni mwao.

Awadhi aliitwa. Alikunja suruali, akaingia majini.

"Mama Dafrosa, mbona maji yenyewe ya magotini? Mimi niliambiwa shingoni!"

"Nani alipima?" mama alifoka.

"Nilimtuma Doto," Dafrosa alijibu haraka.

Mama hakuuliza mara ya pili. Alivunja fimbo ya mpera, akamchapa Doto, mtoto wa miaka tisa, mpaka sauti ikamkauka. Awadhi alimsihi aache, hakusikia. Na Dafrosa? Alisimama pale pale, anatazama.

"Ningepima na nini?" Doto alilia. "Kamba imemfunga mbuzi tangu jana!"

Wote wakageuka. Mbuzi alikuwa anatafuna majani, kamba shingoni, kavu kabisa. Mama aliitupa fimbo, akamkumbatia Doto. "Nisamehe, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Dafrosa alifumba macho akisubiri zamu yake. Haikuja.

"Ingia uwaokote," mama alimwambia. "Uwapare wote magamba, kisha umkaangie mdogo wako."

Aliokota huku tope likimfika magotini. Alimpara Bonge kwa mkono uleule aliokuwa akimlishia, akamkaanga, akampelekea Doto. Doto aliisukuma sahani.

"Sitaki chakula cha mkono wako."

Kesho yake Dafrosa alipima kwa kamba, na safari hii alisema kweli. Awadhi alibadilisha pampu, akaleta ndogo, akaifunga chujio mdomoni na kuiweka juu ya matofali, mbali na tope. Samaki wachache waliobaki wakaacha kuhema. Lakini siku ya Komunyo wageni walikula maharage, na Doto alikaa mbali na dada yake.

"Mama, mbona Doto hataki kusema nami? Bwawa si limeshapona?"

"Uvivu wako uliua samaki, Dafrosa, na uongo wako ulimchapisha asiye na kosa. Pampu tuliirudisha dukani, tukapewa nyingine. Sasa niambie, zile fimbo alizopigwa mdogo wako, tuzirudishe duka gani?"