Mstari wa Pili Niliuacha Wazi

Nina miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na kwa miaka sita nilikuwa chef wa avenue yetu hapa Kikula, Likasi. Chef wa avenue ndiye anayeamua ugomvi wa kisimani na kuandika wapangaji wapya, na polisi wakiwa na neno na mtaa huanzia kwake. Niliheshimiwa. Msinionee huruma mapema, ndugu wasomaji... ngojeni kwanza mjue nilichofanya.

Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Plamedi. Nyumba ya pili kutoka kwangu aliishi Mama Ilunga, mwenzangu wa kwaya kanisani. Mwanawe Ilunga alikulia kwenye sahani yangu kama Plamedi alivyokulia kwenye yake. Wavulana hao walikuwa na miaka kumi na minne siku walipokata waya wa shaba kwenye kabine, kile kijumba kinachogawa umeme kwa avenue tatu.

Ilunga alikamatwa na waya begani. Plamedi wangu alikuwa na miguu myepesi... Nilimkuta uani akinawa damu ya kiganja. Akanieleza yote huku akilia. Nikamfunga kitambaa, nikalizika koleo lake kwenye gunia la makaa, nikamfundisha kusema kwamba alishinda ndani na homa. Mama gani asingefanya hivyo? Ndivyo nilivyojiuliza, na swali hilo likanituliza kabisa.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Miezi miwili kabla ya hapo, kwenye mkutano wa machef, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilitaka watoto wezi waandikwe polisi, waje kusaini kila samedi, yaani Jumamosi, mpaka watimize miaka kumi na minane! Wazo lilimpendeza kamanda wa kituo. Daftari nililinunua mimi. Mistari niliipiga mimi, tena kwa rula ya shule ya Plamedi.

Siku ya kuandika, Ilunga alisimama mbele ya meza, mama yake pembeni. Hakulia. Alinitazama usoni, akasema:

"Mama, tulikuwa babili. Weye unajua."

Kamanda akaniuliza, huyo wa pili ni nani? Nilikuwa nimeandaa mistari miwili. Kwenye wa kwanza nikaandika jina la Ilunga. Nikasema wa pili hakuna, mtoto huyu ni mwongo tangu udogo wake. Mama Ilunga alikuwa amekiona kitambaa cha Plamedi Jumapili kanisani, lakini nani angemsadiki mama wa mwizi mbele ya chef? Alimshika mwanawe mkono, wakatoka.

Mkuki kwa nguruwe, jamani... kwa binadamu mchungu!

Kuanzia hapo, kuku akipotea, polisi kwa Ilunga. Redio ikipotea, kwa Ilunga. Mara mbili walimtoa darasani wenzake wakiangalia. Mara ya tatu mkuu wa shule akasema shule yake si kituo cha polisi, asirudi tena. Mtoto akaenda kutafuta maisha kwenye mashimo ya Shinkolobwe, kunakochimbwa madini kwa kujificha. Huko nako wachimbaji wakagundua kwamba kila Jumamosi anakwenda polisi. Kwao, mtu wa namna hiyo ni mpelelezi, hakuna maelezo. Walimpiga kwa mpini wa sururu mpaka sikio la kushoto likafa. Jumamosi iliyofuata alikuja kusaini na bandeji kichwani, maana asingesaini wangemfunga.

Na waya je? Waya uliendelea kukatwa! Mara nne mwaka ule. Kila mara polisi walimfungia Ilunga siku tatu, wakampiga, wakamwachia, wakahesabu kazi imekwisha. Nani ahangaike kumtafuta mwizi mwingine wakati jina liko daftarini? Mashine ya kusaga ilinyamaza, wanawake wakabeba mahindi kichwani hadi mitaa ya mbali. Kwenye zahanati yetu ya uzazi, dada mmoja wa kwaya alizaa kwa mwanga wa simu, na mtoto yule hakulia. Mtaa mzima ulijisifu kwamba wezi wake umeshawaandika, huku mwizi akipita mlangoni anasalimia watu.

Nilijua? Nilijua... Plamedi alianza kuvaa raba nyeupe zenye mkanda mwekundu. Aliniambia anamsaidia fundi wa simu, nami nikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amenijalia mtoto mchapakazi. Waumini walipiga makofi, na Mama Ilunga alipiga pamoja nao. Siku moja nilijipa moyo, nikamwambia mwanangu aache mambo yale, watamkamata. Alicheka kidogo.

"Maman, nani atanitafuta? Jina yangu haiko mule."

Nikampakulia bukari, ugali wetu, akala.

Jumamosi moja asubuhi walikuja kuniita. Mwizi ameungua kwenye kabine, chef aje aandike! Nilichukua kalamu yangu ya bic, nikatoka mbio. Njiani nilisema kwa sauti, makusudi nisikike, kwamba Mungu amejibu, na kwamba mwizi huyo asililiwe na mtu, wala kilio chake kisikanyagwe. Watu waliitikia kwa vigelegele. Polisi mmoja alikuwa ameshatumwa nyumbani kwa Ilunga kuwaambia wakaitambue maiti yao, akaambiwa Ilunga yuko kituoni anasaini.

Mwili ulikuwa umefunikwa gunia, lakini gunia lilikuwa fupi. Niliona raba nyeupe na mkanda mwekundu. Bic ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila changu hakikuwa na watu! Mtaa ulinitii. Nilisema kilio kisikanyagwe, nao hawakukikanyaga. Hata mchungaji alituma salamu tu, akasema ana safari. Aliyekuja ni Mama Ilunga peke yake. Alikaa kwenye mkeka mbele yangu, hakugusa maji wala chakula. Nilidhani amekuja kunisamehe... Alipoinuka aliniambia maneno haya, taratibu:

"Weye umezika wako mara moja. Minye nazikaka wangu kila samedi."

Baada ya maziko nilikwenda kituoni. Nilieleza yote, koleo, kitambaa, homa ya uongo, nikaomba wamfute Ilunga. Kamanda alisema majina yameshapelekwa juu, na huko juu hakuna anayefuta, mtoto atasaini mpaka umri utimie. Nikaomba basi waandike ukweli kwenye ule mstari wa pili niliouacha wazi, waandike Plamedi. Aligeuza daftari, akalitazama, akalifunga.

"Mutu ya kufa hawezi kuya kusaini, maman."

Niliacha uchef siku hiyohiyo. Wenzangu, nawasihi! Mtoto akikosa, mkanyeni, mfanyisheni kazi arudishe alichoharibu, kisha mwacheni arudi darasani kama mtoto. Msimwandike mwana wa mwenzenu kwenye kitabu ambacho wa kwenu mngemficha asiandikwe humo. Mimi niliandika mmoja, nikaficha mmoja, na sasa sina hata mmoja wa kuniita mama.

Ilunga amebakiza miaka miwili ya kusaini. Kila Jumamosi anapita mbele ya lango langu, nami namsubiri nimsalimie. Ila mimi husimama upande wake wa kushoto, upande wa lile sikio lililokufa... kwa sababu naogopa asije akaitika.