Kengele na Mtaro wa Getini

Kila asubuhi Kengele alifagia chini ya cherehani ya mama yake, akagugumia chai, kisha akatoka mbio kwenda shule. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya sauti yake: akimwita mtu darasani, mpishi huitika kutoka jikoni. Basi mwalimu wa uraia aliposema kuwa darasa litachagua kiongozi wa kushughulikia mtaro ulio wazi mbele ya geti, ambamo watoto wa darasa la kwanza walitumbukia kila mvua iliponyesha, Kengele alijua cheo ni chake. Alishaanza hata kutembea kikubwa.

Wagombea walisimama mbele, na kila mpiga kura akajipanga nyuma ya amtakaye. Kengele alipoambiwa ageuke, aliona watu wachache tu nyuma yake. Mstari mrefu ulikuwa wa Mpole, msichana aliyezungumza kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Katika mstari huo alikuwemo binamu yake Kengele mwenyewe, aliyelala naye kitanda kimoja!

"Hata wewe?" Kengele alimuuliza.

"Wewe ulituambia utafanya nini. Mpole alituuliza tunataka nini."

Wivu ukamwingia. Kila alipomwona binamu yake akicheka na Mpole, roho ilimuuma, na nyumbani akalala akimpa mgongo.

Mpole hakupoteza wakati. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumwomba aje auone mtaro, akaambiwa asubiri jibu. Jumapili, mwenyekiti alifika kwa mama Kengele kuchukua suruali yake.

"Mwanangu, mwambie kiongozi wenu kesho saa tatu nitakuja na fundi. Mtupokee getini, mtueleze."

"Sawa, mzee," Kengele alijibu, akaumeza ujumbe ule pale pale. Tuone huyo Mpole wao atafika wapi, alijisemea.

Kesho yake mwenyekiti na fundi walisimama getini wakisubiri, mwishowe wakaondoka wamenuna. Mlinzi alipowasimulia wanafunzi wakati wa mapumziko, darasa zima lilimgeukia Mpole.

"Kiongozi gani wewe? Wageni wanakuja, huna habari!"

"Labda kosa ni langu," Mpole alisema, machozi yakimlenga. "Nilipaswa kwenda kuulizia tena."

Hicho ndicho Kengele alichokitaka, lakini hakikuwa na utamu wowote. Mchana mvua ikanyesha. Wakati wa kutoka, mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliteleza, akazama mtaroni mpaka kifuani. Mpole na binamu yake Kengele walilala kifudifudi kwenye tope, wakamvuta. Mtoto alilia akitetemeka, kiatu kimoja kimechukuliwa na maji. Kengele alisimama kando akitazama.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mbele ya darasa. "Mwenyekiti alinipa ujumbe. Niliuficha."

"Hatusikii!" walilalamika wa nyuma. Kengele mzima, hasikiki!

"Niliuficha kwa sababu nilimwonea Mpole wivu," alirudia, safari hii kwa sauti. "Nisamehe, Mpole."

Mpole alimsogelea. "Nimeumia," alisema. "Lakini mtaro bado uko wazi. Twende wote kwa mwenyekiti. Mimi nitakuambia la kusema, wewe useme."

Wakaenda. Kengele aliomba radhi kwanza, kisha akaeleza habari za mtoto na kiatu chake, hata makarani wa chumba cha pili wakachungulia. Wiki ile ile fundi alirudi na mafundi wenzake. Wanafunzi walisomba kokoto kwa ndoo, na mtaro ukafunikwa kwa zege.

Zege lilipokauka, mwalimu alisimama juu yake. "Wanangu, uraia si cheo. Ukishinda uchaguzi una kazi, na ukishindwa bado una kazi, kwa sababu mtoto anayezama haulizi nani alimpigia nani kura. Wivu wa mtu mmoja ungeweza kutuletea msiba. Kumbukeni hilo."

Kengele aliinamisha kichwa. Watoto wa darasa la kwanza walipoanza kuvuka, alichuchumaa mbele yao. Binamu yake alitega sikio, akitarajia hotuba.

"Eti, wadogo zangu," Kengele aliuliza, "kuna kitu kingine kinachowasumbua hapa shuleni?"